Usingizi wa Jiko la Vigae

Asubuhi ile skauti waliamka wakakuta kijiji kizima kimevikwa kioo. Mvua ilikuwa imenyesha, ikaganda palepale ilipoangukia. Kila tawi liling'aa. Kila waya uling'aa. Nyaya zikaelemewa na barafu, zikakatika, na umeme ukaenda zake.

Kambi ilikuwa katika shule ya kijiji, kusini mwa Poland, chini ya milima. Wanafunzi walikuwa likizo ya baridi, na skauti wasichana wakaachiwa madarasa. Kiongozi wao alikuwa Bogna, msichana wa chuo. Mdogo wake, Kalina, alikuwemo pia. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kulala mbali na mama yao.

Mwanzoni giza lilikuwa tamu. Waliimba kwa mshumaa, wakachoma soseji uani, theluji ikiwaangukia kama sufi. Lakini umeme haukurudi. Mabomba ya joto ya shule yakapoa, maana pampu yake hutaka umeme. Miti ilikuwa imeanguka barabarani. Simu zikazimika moja baada ya nyingine.

Bogna akawahamishia wote katika darasa la zamani. Pembeni palikuwa na jiko la vigae, refu kama kabati, la kuchoma makaa ya mawe.

"Dada, pua yangu imekufa," alisema Kalina.

"Haijakufa. Mbona inachuruzika?"

Wasichana wakacheka. Bogna hakucheka sana. Watoto wa watu walikuwa mikononi mwake, na mmoja alikuwa ameanza kukohoa. Aliogopa baridi isije ikamwangusha hata mmoja.

Juu ukutani palikuwa na tundu la hewa. Upepo ulikuwa ukiingia humo ukipiga mluzi.

"Wee Bogna," alisema Lucyna, mrefu wao na mwenye mdomo. "Tunachoma makaa kuwapasha moto kunguru wa nje?"

Bogna akapanda juu ya kiti, akaliziba tundu kwa blanketi. Mluzi ukanyamaza. Kisha akachungulia ndani ya jiko. Ndimi za moto zilikuwa zimekwisha. Yalibaki makaa mekundu, yakimetameta. Akamkumbuka bibi yao. Bibi alikuwa na desturi ya kusukuma kile kibao cha chuma kwenye bomba la moshi ili joto lisitoroke. Bogna naye akakisukuma, bomba likafungika.

"Haya," alisema. "Sasa joto halina pa kukimbilia."

Mchana ukawa laini. Nje theluji ilishuka bila sauti. Wimbo wao ukaanza kwenda polepole, kama gari linalopanda mlima, mwisho ukasimama katikati ya ubeti, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Kichwa kinanigonga," alisema Lucyna.

"Umekula peremende nyingi," Bogna alijibu. Ulimi wake ulikuwa mzito.

Mwingine akasema moyo unamchafuka. Kalina alikuwa amelala mapajani pa dada yake, mashavu yamemwiva. Bogna akatazama dirisha. Barafu ilikuwa imechora majani juu ya kioo, majani meupe, marefu. Aliona kama yanakua. Aliona kama anatembea kati yake, miguu mitupu, wala hasikii baridi. Raha iliyoje! Alitaka kulala humo humo.

Mlango ukagongwa. Ukagongwa tena, kwa teke.

"Hodi! Mmekufa humo?"

Alikuwa Mama Halszka, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyejitolea katika kikosi cha zimamoto cha kijiji. Alikuwa amebeba sufuria ya supu ya bitiruti. Akaingia hatua moja, akasimama. Akawatazama watoto waliolala ovyo kama nguo za kufua.

"Nani anaumwa kichwa?"

Mikono ikainuka, mmoja mmoja, taratibu.

"Wote?" Akaitupa sufuria. "Fungueni madirisha! Tokeni nje! Sasa hivi!"

"Mama, tutaganda…" Bogna alinong'ona.

"Mgande mkiwa hai! Mbebe mdogo wako!"

Wengine wakatoka wakishikana, wakiyumba. Bogna alimkokota Kalina mpaka kwenye theluji. "Kalina! We Kalina!" Kichwa cha mtoto kilining'inia. Mama Halszka akakimbilia kituoni kwake, akaita msaada kwa redio. Wenzake wakaja na trekta na mtungi wa oksijeni. Wakamvika Kalina kinyago cha kuvutia hewa.

Bogna akapiga magoti, akingoja. Kisha Kalina akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Mbona mnanipigia kelele?" akauliza.

Daktari alifika nyuma ya trekta lililokuwa likiondoa miti. Akawapima wote. Kalina akapelekwa hospitali, wengine wakalala kituo cha zimamoto. Huko ndiko Mama Halszka alikoeleza.

"Makaa mekundu yakikosa hewa hutoa gesi ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Kwanza kichwa huuma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Mkiumwa kichwa watu wengi kwa pamoja ndani ya nyumba, tokeni nje, kisha iteni msaada."

"Lakini bibi alikuwa akifunga bomba," alisema Bogna.

"Bibi yako alingoja mpaka makaa yawe majivu. Na madirisha yake yalivuja upepo kama kikapu, sivyo?"

"Yalivuja."

"Haya ya shule ni ya plastiki, hayapitishi hata chafya. Usifunge bomba makaa yakiwaka. Usizibe tundu la hewa. Usiingize ndani jiko la kuchomea nyama wala jenereta. Na ununue kengele ya gesi, ile ndogo ya betri inayolia ikinusa gesi."

Kalina aliporudi, mzima, umeme ulikuwa bado haujarudi. Skauti walikuwa wamerudi darasani. Blanketi lilikuwa limeondolewa tunduni, na kengele ya betri ikining'inia ukutani. Waliketi na makoti, wakilalamikia baridi kwa sauti kubwa. Mchana skauti walizunguka na Mama Halszka nyumba kwa nyumba, wakitazama matundu ya hewa.

Kwa Mzee Ambroży walikuta tundu limezibwa kwa mto wa kulalia.

"Acheni joto langu!" alifoka. "Mnanifundisha jiko, watoto wa juzi?"

Mama Halszka alieleza. Bogna alieleza. Mzee akakunja mikono. Ndipo Kalina akamsogelea.

"Babu, mimi nililala usingizi huo. Ni mtamu sana. Sikusikia hata dada akiniita."

Mzee akamtazama. Akaitazama miguu yake mwenyewe. Kisha akasukuma kiti hadi ukutani, akakishika kwa mikono miwili.

"Panda," alisema. "Polepole, usianguke."

Kalina akauvuta mto. Upepo ukaingia ukipiga mluzi, na mzee akavuta kofia yake mpaka masikioni.