Kizibao Sikizi na Neno la Shangazi

Hakuna mtu katika Bukoba Mpya anayekijua Kizibao Sikizi kuliko mimi. Nimekivaa mara mbili. Mara zote mbili nilikivaa nyuma mbele, kikanipongeza kwa kuwa na mgongo wenye afya. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa waliokivaa vizuri.

Kilikuwa kitu cha ajabu, hilo halina ubishi. Kwa macho ni kizibao tu, cha rangi ya maziwa, lakini kila uzi wake ulikuwa sikio. Kilituma ndani ya mwili milio midogo ambayo hata popo hasikii, kisha kikasikiliza jinsi inavyorudi. Nyama laini hurudisha mlio laini. Uvimbe wa saratani, hata ukiwa mdogo kama punje ya ulezi, hurudisha mlio mkavu. Mwanamke alikaa nacho muda wa kunywa kikombe cha chai, kikampa jibu kwa sauti ya binti mpole. Vidole vya daktari haviwezi hivyo. Mpaka vidole viuguse, uvimbe umekwisha kuwa mwenyeji.

Aliyekiunda ni Mhandisi Kemilembe, daktari pia, mwanamke asiyependa mikutano. Bahati mbaya kizibao kilipitia mikutanoni, na huko ndiko kilikochafuliwa. Waheshimiwa wa mji ule, mji wenye roboti wa kunyonyoa senene mbawa na miguu, walisema neno "titi" halifai kutamkwa na mali ya umma. Kizibao kikafundishwa kusema "eneo la heshima." Watu wazima, na wote walinyonya.

La pili lilikuwa chafu zaidi. Kizibao kilihitaji kujua kama kuna aliyeugua katika ukoo, maana kuna damu zinazorithisha ugonjwa huu. Waheshimiwa wakasema siri ya ukoo haisemwi na kila mtu, msemaji wake ni shangazi. Ndivyo tulivyo. Shangazi humfunda binti, shangazi hujibu wachumba wanapokuja, na neno lake halipingwi. Kemilembe akakubali ili wampitishie kazi yake. Basi mashine inayosikia punje ya ulezi ndani ya nyama ikaamriwa imwamini shangazi bila kumpima.

Siku moja akaja kituoni kwa Kemilembe, ambako wanawake walingoja zamu kwenye benchi, Atugonza, mwalimu wa watu wazima, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye watu wa mchumba wake walikuwa waje Jumamosi kumposa. Alisindikizwa na dada wa baba yake, Ma Kokushubira, kitenge kipya, pumzi inanuka pombe ya ndizi, rubisi ya jana, anatafuna punje za kahawa na kutemea maganda kwenye kikombe cha kituo. Kikombe ambacho wenzake wangenywea.

Atugonza akavaa. Kizibao kikasikiliza, kisha kikasema, "Eneo la heshima la kulia ni salama. La kushoto nasikia kivuli kidogo. Vivuli vingi vya namna hii si kitu. Shangazi, naomba uniambie. Katika ukoo kuna mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya eneo la heshima?"

Kemilembe akamgeukia Atugonza. "Mwanangu, elewa swali la kizibao. Kama ukoo ni safi, utarudi baada ya mwaka. Kama yupo aliyeugua, leo hii tunachoma sindano tutoe kijinyama tukipime."

"Na kama ni yenyewe?"

"Ikikamatwa ikiwa ndogo hivi, wengi wanapona, wanazeeka na kusumbua wakwe zao. Ikiachwa mwaka mzima, siwezi kukuahidi kitu."

"Hakuna," akasema Ma Kokushubira. "Andika hakuna. Labda kwa mama yake, huko sijui. Haya mambo hayapitii kwa wanaume."

"Yanapita, Ma," akasema Kemilembe. "Baba humpa binti damu ya dada zake pia."

"Basi damu yetu safi. Huu ugonjwa ni wa wanaoweka simu kwenye sidiria."

Mama mmoja kwenye benchi akaichomoa yake polepole, akajifanya anaangalia saa.

"Irudishe tu, mama, simu haina kosa," Kemilembe akasema. "Kuwa mwanamke na kuzeeka, hayo mawili yanatosha. Wengi wanaougua hawana hata ndugu mmoja aliyeugua. Unene baada ya hedhi kukoma unaongeza hatari. Kunyonyesha kunapunguza. Pombe inaongeza."

"Pombe gani?"

"Hata rubisi."

"Huyu sasa anatafuta ugomvi," akasema Ma Kokushubira, na benchi zima likacheka.

"Ukoo safi," kizibao kikasema. "Rudi baada ya mwaka."

Atugonza alikivua lakini hakuinuka. "Shangazi, mimi naomba hiyo sindano."

"Ili Jumamosi waambiwe nini? Nani atoe ng'ombe kwa mwanamke aliyetobolewa?"

"Na wakikata?" mmoja wa benchi akadakia. "Si anabaki nusu mtu?"

Wakacheka tena. Walionisimulia wanasema Ma Kokushubira ndiye aliyecheka kuliko wote, huku akitema ganda. Hicho kicheko kinanichefua hadi leo.

"Nitazame mimi," akamwambia mpwa wake. "Ukoo mzima uko hapa mbele yako. Sijawahi kuota hata kipele."

Atugonza akamnyooshea kizibao. "Basi vaa. Kukaa ulinionyesha kwanza, kupika ulinionyesha kwanza, kusalimia wakwe ulinionyesha kwanza. Na hili nionyeshe."

"Mbele za watu?"

"Mwacheni Ma Koku," akasema yule wa simu. "Anaogopa kitamkuta na rubisi."

Shangazi anayeshindwa kuonyesha si shangazi tena, na benchi lote lilikuwa linamtazama. Ma Kokushubira akakichukua, akakibandika kifuani juu ya kitenge, akiamini kitambaa kitakiziba masikio. "Haya. Mmeridhika?"

Kizibao hakikujali kitenge.

"Eneo la heshima la kulia ni salama," kikasema kwa ile sauti yake ya upole. "La kushoto ni la bandia, la mpira. Chini ya mpira kuna kovu la upasuaji, la miaka mingi. Sisikii dalili ya ugonjwa kurudi. Hongera sana kwa kupona, mama."

Kemilembe hakungoja neno la mtu. Alifuta jibu la ukoo kwa mkono wake mwenyewe, akavuta trei ya sindano, akamwambia Atugonza alale. Atugonza akalala, lakini uso ameugeuza kwa shangazi yake.

"Walikukata lini?"

"Mashine mbovu hiyo. Sijakatwa mimi," akasema Ma Kokushubira, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimekwisha kufunika upande wa kushoto.