Koti la Fundi Mabega

Mtaani walimwita Fundi Mabega. Alishinda amejikunja juu ya cherehani, pini mdomoni, mabega yamepanda karibu na masikio. Ukimwita kutoka nyuma, hakugeuza shingo. Aligeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Mabega yalimuuma mwaka mzima, naye akayazoea. Lakini harusi ya binti yake ilipokaribia, maumivu yalizidi. Koti lake la harusi alikuwa ameshalishona, nalo lilimkaa sawasawa. Gauni la bibi harusi ndilo lililobaki. Alimwahidi binti tangu akiwa mdogo kwamba atamshonea yeye mwenyewe, na sasa hata mkasi ulimshinda.

"Baba, nitampelekea fundi mwingine kitambaa," binti alisema kwa upole.

Maneno yale yalimuuma fundi kuliko mabega.

"Kapumzike," mkewe akamwambia.

Fundi akapumzika kwa bidii. Alilala kutwa nzima, na kesho yake tena. Alipoamka alikuwa mkavu kama ubao.

"Basi dawa ni kazi," akasema. Akashona mfululizo, hata chai hakusimama kunywa. Jioni akashindwa kuvua shati. Mkewe alimvua huku anacheka, huku anamwonea huruma. Kisha akaenda kumwita jirani yao, mama anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini.

Jirani alimtazama. "Kaka fundi, umelala ukakauka, umeshona ukaumia. Msuli unataka kazi na pumziko, kwa zamu. Wewe umeukaza muda wote, hata ukiwa umekaa."

"Mimi? Mbona hapa nimelegea, dada."

Mabega yalikuwa masikioni.

"Haya. Vuta pumzi. Yapandishe zaidi, yabane kidogo, yasikuume. Sasa toa pumzi taratibu, uyaachie."

Fundi akafumba macho, akauma meno, jasho likamtoka.

"Nalegea," alisema, "kwa nguvu zangu zote."

"Ndiyo kosa lako. Hapa hakuna mashindano. Achia tu."

Mkewe akaangua kicheko. Fundi naye akacheka, na mabega yakashuka yenyewe.

"Kumbe yalikuwa juu," akasema.

"Yako juu tangu nihamie mtaa huu," jirani akajibu. "Sasa sikiliza. Kila bobini ikiisha uzi, usiweke nyingine ukiwa umekaa. Simama, nenda mpaka mlangoni, zungusha mabega, yabane, yaachie. Pini zitoe mdomoni, taya nalo lipumzike. Jioni tembea na mkeo. Na mkono ukifa ganzi au ukikosa nguvu, njoo hospitalini, usingoje."

Mwanzoni fundi alisahau. Bobini ikiisha, mkewe alipaza sauti kutoka jikoni: "Baba Bibi Harusi, mlangoni!" Wateja wakafikiri anafukuzwa. Lakini taratibu maumivu yakapungua, mkasi ukarudi mkononi, na gauni likaisha kabla ya siku yenyewe.

Asubuhi ya harusi, fundi akavaa koti lake mbele ya kioo. Akashtuka. Mabega yake yalikuwa chini. Mabega ya koti yalibaki juu, yamesimama peke yake, matupu.

"Nani amelichezea koti langu?"

"Umejipima mwenyewe, mume wangu," mkewe akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Ulijipima ukiwa umejikunja. Miaka yote hii sikujua una shingo ndefu hivyo."

Fundi akalivua koti, akabaki na shati lake jeupe. Mlango ukafunguka nyuma yake.

"Baba," binti akaita.

Fundi akageuza shingo. Shingo tu. Akamwona binti yake ndani ya gauni.

Binti alikuwa amelisahau gauni. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Baba," akasema, "hebu geuka tena."