Picha Iliyotoka Ghalani

Sokoni upande wa vitambaa, siku ya bei kushuka, hata mwenye adabu husahau kwao. Wanawake walikuwa wanavutana majora kama mbuzi wa urithi, na katikati yao kijana mmoja wa televisheni alikuwa amebeba kamera begani, amevaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia humo. Alikuwa anatafuta picha za habari ya jioni. Alichopata ni jora la kitambaa kisogoni.

"Samahani kaka," alisema aliyempiga, bila dalili ya samahani usoni. "Ila na wewe, umesimama njiani kama nguzo."

"Nguzo haiumii, dada. Mimi naumia."

"Wapi?"

"Bado natafuta. Nikipapata nitakuambia."

Msichana akacheka. Alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu, na gauni la manjano alilojishonea mwenyewe likimkaa kama alizaliwa nalo. Wenzake walimwita Sindano, kwa umbo na kwa ulimi. Alicheka mpaka akamwegemea rafiki yake, chupa ya soda mkononi ikitaka kumwagika. Kijana akasahau bei za vitambaa, akampiga picha.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Haiendi popote, dada yangu."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini moyo mweupe nao una uzembe wake. Kule kazini picha zote zisizotumika zilikaa kwenye kompyuta moja waliyoiita ghala, zikingoja siku ya shida. Kijana hakuwa na ubavu wa kuifuta ile. Akaiacha humo, na kila alipochoka aliifungua, akaitazama, akarudi kazini kama mtu aliyekula.

Wakapeana namba, mapenzi yakashika, simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maneno yako."

"Basi utalala na njaa. Leo sikuongea sana."

Jioni moja televisheni ikatoa taarifa ya vijana na ulevi. Msomaji wa habari, kwa sauti ya msibani, akasema kizazi hiki kimepotea. Na pale pale Sindano akajaa kwenye kioo: gauni la manjano, anacheka, anayumba begani kwa mwenzake, chupa mkononi. Aliyeitengeneza taarifa ile alikuwa na haraka. Alichota picha ghalani kama anayechota maji bila kuchungulia mtungi, wala hakuuliza chupa ilikuwa na nini.

Asubuhi shangazi yake Sindano, mwenye duka la kushonea alikofanyia kazi, alimpokea mlangoni.

"Mwanangu, mimi najua hunywi. Lakini wateja wameanza kuchukua vitambaa vyao. Pumzika nyumbani kwanza."

"Mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka wasahau."

"Watu wa mtaa huu? Hawajasahau hata harusi yako ilivyonyeshewa."

Shangazi akatazama pembeni, maana ilikuwa kweli.

Kijana alipiga simu mara nyingi, Sindano akapokea mara moja tu.

"Kipenzi, nisikilize. Si mimi niliyeitoa. Waliichukua."

"Waliichukua wapi?"

"Kazini. Niliiweka mimi. Nilikuwa napenda kukuangalia."

"Ungeniangalia mimi. Nilikuwepo." Akakata.

Kijana akaenda kwa mhariri wao, mzee mwenye miwani mizito aliyeitwa Mkasi kwa alivyokata kazi za watu.

"Tutaandika samahani," alisema Mkasi. "Mstari mmoja, pale chini ya kioo."

"Mzee, yeye alionekana kioo kizima. Samahani ipite chini kama siafu? Ngoja nikamuulize anataka iwe vipi."

"Tangu lini aliyepigwa picha anaulizwa?"

Swali likabaki ofisini peke yake. Kijana alikuwa ameshatoka.

Mama yake Sindano ndiye aliyefungua mlango. "Kijana wa kamera. Leo umekuja kuchukua nini?"

"Sikubeba kitu, mama. Nimekuja kuuliza."

"Aulizie hapo hapo nje," sauti ya Sindano ikatoka ndani.

Akauliza. Jibu lilikuja limeshonwa vizuri.

"Samahani yao sitaki. Nataka tukae pale mnapokatia na kuunganishia picha, mimi na vijana wenzangu, kabla watu hawajaona. Tuseme lipi ndilo na lipi silo. Na ile taarifa irudiwe, nasi tumo."

"Wakikataa?"

"Usirudi."

Kijana akarudi kwa Mkasi, akaweka kamera mezani kama mtu anayerudisha mahari. Akasema bila vijana hao, hapigi tena picha. Mkasi alinung'unika, lakini wazazi wa mtaa ule walikuwa wameshamchosha masikio kwa simu. Akakubali.

Chumba cha kukatia picha kilikuwa kidogo, baridi kama jokofu. Sindano alikuja na rafiki yake wa sokoni na kijana fundi wa simu, ambaye picha yake nayo ilikuwa ghalani. Mkasi akawaonyesha rasimu ya taarifa mpya. "Vijana waliokata tamaa," sauti ikaanza.

"Simamisha hapo, mzee," akasema fundi wa simu. "Nani kakata tamaa? Mimi hapo nimeinama natafuta skrubu."

Walicheka, na Mkasi akavua miwani ili asionekane anacheka.

"Sasa nisemeje?"

"Sema anatafuta skrubu," akajibu Sindano.

"Na ulevi mtauficha?"

"Hatufichi. Kaka yake huyu rafiki yangu anakunywa, na amekubali kusema mwenyewe, kwa mdomo wake. Msimsemee."

Kisha Sindano akakaa mbele ya kamera, akaeleza soda yake na kazi yake, polepole, bila kulia. Alipomaliza akamtazama kijana wake, ambaye ndiye aliyekuwa anampiga picha.

"Sasa zunguka, ukae hapa. Wewe nawe ulizwe. Kwa nini uliiweka?"

Kijana akakaa, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Nilikupenda kabla sijajua unaitwa nani. Na sasa nataka kukuoa, ukinikubali."

Mkasi akapangusa miwani. "Hii watu wataililia. Tunairusha leo."

"Hiyo kata, mzee," alisema Sindano. "Jibu lake nitampa mlangoni."

Na Mkasi, kwa mara ya kwanza, akakata alipoambiwa.

Taarifa iliporushwa wakiwa nyumbani kwa kina Sindano, shangazi alipiga simu kabla haijaisha: kesho kazini, na asichelewe. Sindano akashusha pumzi hadi mabega yakalegea. Mama akamgeukia kijana aliyekaa pembeni ya mlango.

"Mbona wewe sikukuona humo?"

"Nilikatwa, mama."

"Pole."

"Sijaumia. Ila mjomba wangu yuko nje na barua ya posa, anaona aibu kuingia."

Mama akamtazama bintiye. Sindano alikuwa ameinama, anapanga viti.

"Mwambie aingie," mama akasema, "kabla chai haijapoa."