Taarifa ya Kato Niliitupa Mimi

Nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Bukavu, naishi Kawempe hapa Kampala. Hamnijui, ndiyo maana nathubutu kusema. Nimemuua mtoto wa mdogo wangu, na mdogo wangu bado ananipikia.

Kazi yangu ni kompyuta. Kampuni yetu hutunza majibu ya vipimo vya hospitali kadhaa, kila jibu nakala tatu kwenye mashine tatu, ili moja ikifa nyingine zibaki. Jibu likiingia, taarifa huenda kwenye simu ya muuguzi. Hapo ndipo tulipokwama. Taarifa zilipanga foleni, kila moja ikingoja ya mbele ipokelewe kwanza, na ya saa tatu asubuhi ilifika saa nane.

Bosi akatupa wiki mbili, mimi na Suleiman. Huyu ni Mnubi, mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuwa mkimbizi nisiye na mbele wala nyuma. Yeye alitaka foleni moja igawanywe ziwe nyingi, ziende sambamba. Mimi nilitaka sifa... Wahudumu wa maabara walizoea kubonyeza kitufe cha kutuma mara mbili, kwa hiyo nikaandika amri fupi: taarifa mbili zikija ndani ya dakika moja kwa jina moja (la mama, kama ni kichanga), ya pili ni marudio, itupwe. Foleni ikaisha siku hiyo hiyo.

Suleiman akasoma, akauliza taratibu, "Dada Zawadi, na mama wa mapacha?"

Nikacheka. Nikamwambia mapacha ni wangapi bwana, acha wivu. Kisha nikaenda kwa bosi kusema mzee anatuchelewesha. Akafukuzwa. Alisahau kikombe chake cha chai mezani, nikawa nakinywea mimi. Mnauona moyo wangu?

Baada ya miezi minne Riziki, mdogo wangu aliyeolewa na Muganda wa Lubaga, akajifungua mapacha wa kiume. Wakaitwa Wasswa, wa kwanza, na Kato, wa pili, kama mila ya huku inavyotaka. Hospitali nilimchagulia mimi, kwa majigambo, kwa sababu inatumia mfumo wetu. Watoto wakapimwa damu pamoja. Simu ya muuguzi ikalia mara moja tu: mtoto wa Riziki, salama. Muuguzi akadhani ni ya wote, wakaruhusiwa wawili.

Siku ya sita Kato akaacha kunyonya. Riziki akanipigia, "Dada, mtoto anawaka moto." Nikamwambia atulie, majibu si yalikuja salama? Siku ya nane... Waganda hawasemi pacha amekufa. Husema ameruka.

Tulipotoka kuzika nikafungua mashine. Jibu la Kato lilikuwepo: maambukizi kwenye damu, yanayotibika kwa dawa. Nakala tatu, zote nzima. Hakuna aliyeambiwa.

Siku ya tatu nikamfuata Suleiman kwake, nikalia, nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Ile amri umeshaitoa?"

Nilikuwa sijaitoa. Siku tatu nilikuwa najililia mwenyewe, na akina mama wengine wanapimiwa mapacha wao.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lililovunjika si langu. Ndugu zangu, mtu akikuuliza swali la upole kazini, usimjibu kwa kicheko. Msikilize hata kama atakuchelewesha.

Riziki hajui. Huku mama wa mapacha huitwa Nalongo maisha yake yote, hata akibaki na mmoja. Majirani wanamwita hivyo mbele yangu, naye anaitika.