Tangazo la Mashine za Kufulia

Katika nyumba yetu, wifi yangu alikuwa wa kwanza kutoka asubuhi na wa mwisho kunywa chai. Saa kumi na moja alfajiri alivaa viatu vya mpira na sare yake ya bluu, akafunga mlango polepole asituamshe, akaenda kufagia kumbi za chuo kikuu. Saa mbili kasorobo aliivua sare ile, akavaa gauni, akarudi kuketi katika ukumbi uleule alioufagia, sasa akiwa mwanafunzi wa famasia. Mchana alipika na jioni alisoma. Majina ya dawa aliyaandika kwenye vikaratasi, akavibandika ukutani juu ya sinki, akawa anayakariri huku akiosha vyombo.

Mimi nilimdharau. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua kudharau kuliko nilivyojua hesabu.

Dharau hiyo nilifundishwa na kaka yangu. Ndugu zetu walimwita Wakili tangu akiwa darasa la tano, kwa sababu ya ubishi wake. Jina likamwingia kichwani, na kichwa kikavimba. Alipata nafasi ya kusoma sheria ng'ambo, mkewe akapata nafasi ya kusoma famasia katika chuo hichohicho. Walikuwa hawajamaliza mwaka tangu waoane. Mama alikuwa amefariki, nami sikuwa na mtu mwingine, basi wakasafiri nami. Tulipewa vyumba viwili katika ghorofa ya tatu ya jengo la wanafunzi wenye familia. Chini kabisa kulikuwa na chumba cha mashine za kufulia, na mimi nililala sebuleni, kwenye kochi.

Kaka aliamka saa mbili. Alivaa shati ambalo wifi alikuwa amelipiga pasi jioni, akafunga tai, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akachukua mkoba wake wa ngozi.

"Nakwenda sheria," alisema kila siku, kana kwamba sheria ilikuwa imesimama mlangoni ikimsubiri.

Kazi ya wifi ilimkera. Siku moja aliniita akanionya mbele ya wifi mwenyewe.

"Wakipiga simu kutoka nyumbani, usiseme habari za kufagia. Sema wifi yako yuko kwenye utawala."

"Utawala wa nini?" nikauliza.

"Wa ndoo na ufagio," wifi akajibu kutoka jikoni, na akaendelea kukariri dawa zake.

Kaka hakucheka, nami nikanuna kwa niaba yake. Nilimwona kaka mtu mkubwa na wifi mtu wa ndoo. Siku moja nilikuwa nikipita chuoni na wenzangu wa shule, wifi akanipungia mkono akiwa na sare yake. Mwenzangu mmoja akaniuliza yule mama ni nani. Nikamwambia, "Simjui. Labda amenifananisha." Wifi alikuwa karibu, asingekosa kusikia. Aliushusha mkono, akaokota ndoo yake. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, nami nikakila kama kawaida.

Jambo moja lazima nilieleze ili yaliyofuata yaeleweke. Katika mwaka wa kwanza, kila mwanafunzi mgeni alitakiwa kujifunza lugha ya wenyeji na kufaulu mtihani wake. Wifi aliichota lugha hiyo kwa wafagiaji wenzake, akafaulu mapema. Mimi niliiokota uwanjani, shuleni. Kaka alisema hawezi kufundishwa na katoto, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alidai kwamba lugha ingemjia yenyewe. Lugha haikumjia.

Siku ya Jumatano nilirudi kutoka shule nikamkuta kaka amekaa kitandani, bahasha mkononi.

"Nisomee hii," alisema. "Macho yananiuma."

Nilisoma, na kila mstari niliufasiri. Barua ilitoka ofisi ya makazi ya chuo. Ilisema kwamba kaka alikuwa haonekani darasani kwa mihula miwili, kwamba alishindwa mtihani wa lugha mara mbili, na kwamba jina lake limeondolewa katika orodha ya wanafunzi. Kwa kuwa nyumba iliandikwa kwa jina lake, familia ingehama mwisho wa mwezi. Kama kulikuwa na mwanafunzi mwingine katika familia, alitakiwa kufika ofisini kuandikishwa badala yake kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya wiki inayofuata.

"Wifi ni mwanafunzi," nilisema. "Akienda yeye yataisha."

"Asijue," kaka akajibu. "Nitalimaliza mwenyewe. Kuna mkubwa mmoja nitazungumza naye."

Hapo tukasikia ufunguo mlangoni. Wifi aliingia na mkoba wa vitabu begani, akaona bahasha yenye nembo ya ofisi ya makazi.

"Wanasemaje hao wa makazi?" aliuliza.

Kaka alinitazama. Hakuwahi kunitazama vile, kama mtu anayeomba. Nikajiona nimekuwa mkubwa ghafla.

"Ni tangazo la mashine za kufulia," nilisema. "Zimeharibika. Hazitatumika mpaka mwisho wa wiki ijayo."

Uongo ulinitoka bila kukwama hata kidogo. Wifi alishukuru, akaenda kuosha mikono. Kaka alisukuma barua ndani ya mkoba wake wa ngozi na kunikonyeza. Nilitembea kifua mbele jioni ile yote.

Siku zikapita. Kaka aliendelea kwenda "sheria" na tai yake. Sikumwuliza anakwenda wapi. Nguo zikajaa kwenye kapu, zikapanda juu ya kapu, na ile Ijumaa ya mwisho ikafika. Mtihani wa wifi wa kumaliza mwaka ulikuwa uanze Jumatatu.

Ijumaa hiyo nilirudi saa saba na nusu. Nilimkuta wifi bafuni, amepiga magoti kando ya bafu lililojaa maji na povu. Alikuwa anafua shuka zetu zote kwa mikono, pamoja na sare zake, nguo zangu za shule na mashati saba ya kaka. Vikaratasi vya dawa alikuwa amevibandika kwenye vigae vya ukuta, na mvuke ulikuwa umeanza kuvibandua.

"Wifi, njoo unisaidie kukamua," alisema. Ndivyo tulivyoitana, yeye wifi na mimi wifi, ingawa mmoja wetu hakustahili. "Shika ncha hiyo. Wewe sokota kulia, mimi nasokota kushoto."

Nilishika. Niliona mikono yake. Dawa za kusafishia sakafu zilikuwa zimeipasua zamani, na sasa sabuni ilikuwa imeingia kwenye ile mipasuko, ikawa myekundu kama imebabuliwa. Alikuwa anakariri jina moja la dawa, akikosea, akianza upya.

"Hili jina limenitoroka mara tatu leo," alisema. "Jana nilikuwa nalo. Basi tu, huu mgongo unanivuruga." Akapumua. "Lakini afadhali ulinisomea lile tangazo. Ningelishusha kapu lote hili chini bure."

Aliponishukuru hivyo nilishindwa kuendelea kusokota.

"Wifi, mashine ni nzima," nilisema.

Akaniangalia.

"Hazikuharibika. Barua haikusema habari za mashine." Nikamweleza yote, tangu mstari wa kwanza hadi saa kumi ya siku ile ile. Nilitaka anipige, ingekuwa rahisi zaidi. Hakuinua hata sauti.

"Malizia kukamua," alisema.

Tukaikamua ile shuka mpaka tone la mwisho. Akaitundika, akajifuta mikono.

"Barua iko wapi?"

"Kwenye mkoba wa kaka."

"Na kaka yako yuko wapi?"

"Yuko she..." Nikanyamaza. "Sijui."

"Vaa viatu," alisema. "Wewe ndiye uliyeisoma, wewe ndiye utakayeisema."

Tulifika ofisi ya makazi saa tisa na robo. Afisa alikuwa mzee mwenye miwani na kalamu sikioni. Wifi alijitambulisha, kisha akanisogeza mbele. Nikasema kwamba niliisoma barua na kwamba nilidanganya yaliyomo. Kusema uongo kulinichukua pumzi moja. Kuusema ukweli mbele ya mtu nisiyemjua kulinichukua dakika nzima.

Afisa alivuta faili, akafunua, akakunja ndita mbili kwenye paji la uso wake.

"Mume wako alikuja hapa Jumatatu," alimwambia wifi. "Nilimwuliza kama kuna mwingine anayesoma katika familia. Alinijibu kwa maneno mawili matatu anayoyajua. Alisema hapana, mke wangu yuko nyumbani tu."

Wifi alitabasamu. Sijapata kuona tabasamu baya namna ile. Kumbe Wakili aliona heri sote tulale nje kuliko mtu wa ndoo kuiokoa nyumba yake.

"Niandikie kwa jina langu," wifi alisema, akaweka kitambulisho chake cha mwanafunzi mezani. Afisa akaandika, wifi akatia saini kwa mkono wake uliopasuka, na mambo yakaisha zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Wakati wa kurudi tulikata njia ndani ya jumba la maduka. Kwenye benchi karibu na duka la simu, penye joto na televisheni ya bure, tulimkuta mwanasheria wetu. Alikuwa ameegemea mkoba wake, tai imelegea, anatazama mpira. Mwenye duka alimsalimia kama mtu aliyemzoea kwa miezi.

Wifi aliketi kando yake.

"Leo sheria inasemaje?" aliuliza.

Kaka aliruka kidogo, akatazama saa, akanitazama mimi, akaelewa.

"Mke wangu, nilikuficha ili usome kwa utulivu," alisema.

"Nimefua shuka nne kwa mikono kwa ajili ya utulivu huo."

"Ningelitengeneza. Nilitaka kulinda heshima yetu."

"Yetu? Umemwambia yule mzee mimi ni mtu wa kukaa nyumbani tu. Hiyo heshima ulikuwa unaigawa kwa nani, maana mimi sikupata hata punje." Akasimama. "Nyumba iko kwa jina langu sasa. Ukitaka kulala ndani yake, Jumatatu utarudi darasani kwa yule binti, maana darasa la lugha humpokea hata asiyeandikishwa, ukajifunze lugha kama watoto wengine. Na alfajiri utakwenda nami kazini. Mimi sitambeba mtu mzima mwenye miguu."

Kaka alifungua mdomo wa uwakili, akaufunga. Ilikuwa kesi yake ya kwanza, na akaishindwa akiwa ameketi.

Jumatatu alfajiri walitoka wawili. Kaka aliuliza kama anaweza kuvaa tai ndani ya sare. Msimamizi wa wafagiaji, mama mfupi asiye na maneno mengi, alimjibu, "Vaa. Kitambaa cha ziada hakikosi kazi." Siku ya pili hakuivaa. Wiki ya kwanza alilalamika juu ya kiuno, wiki ya pili juu ya magoti, na wiki ya tatu alianza kuleta maneno mapya ya lugha aliyofundishwa na wafagiaji. Darasani kwa yule binti aliwekwa benchi la mbele.

Wifi alifaulu karatasi mbili kati ya tatu. Ile ya tatu ilimbidi airudie baada ya miezi mitatu. Nilipomwuliza kwa nini, hakunipaka mafuta. "Hiyo mlinisaidia kuifeli," alisema.

Ungetarajia kwamba hapo nilikuwa nimejifunza. Nilichofanya ni kuichukua ile dharau na kuihamishia kwa kaka. Jioni moja tulikuwa mezani, yeye amechoka, mikono imeanza kupasuka, nami nikasema, "Karibu chakula, Wakili wa ndoo." Nilimtazama wifi nikingoja acheke.

Wifi aliweka kijiko chini.

"Ulinidharau mimi kwa sababu ya ufagio," alisema. "Sasa unamdharau kaka yako kwa sababu ya ufagio huohuo. Huo ufagio umekukosea nini?"

Nikasogeza sahani yangu kando.

"Alipokuwa anakaa kwenye benchi na kutudanganya, ulimwona mtu mkubwa. Leo anafanya kazi ya kweli, ndiyo kwanza unamcheka. Macho yako yanaona kinyume, wifi. Kazi halali haimshushi mtu. Kinachomshusha ni kula jasho la mwenzake na kumwonea haya huyo mwenzake. Kama ni lazima udharau kitu, dharau uongo, na uanze na ule uliotoka mdomoni mwako."

Kaka hakunitetea. Alikuwa ameinamia sahani yake, na nilijua kwamba maneno yale yalikuwa yetu sote wawili.

"Nisamehe, wifi," nilisema. Kisha nikageuka. "Nisamehe, kaka."

"Mimi sina cha kukusamehe," kaka alijibu taratibu. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Wifi alikishika tena kijiko chake.

"Nimewasikia," alisema. "Sasa kuleni. Na vyombo vya leo ni vyenu."