Kinywa cha Watu Wawili

Mpaka leo Mbusa hajui lile haragwe lilitoka wapi. Amelifikiria kwa akili ya mfanyabiashara, kama anavyotafuta gunia lililopotea kati ya Sake na Masisi, na kila mara amerudi mikono mitupu. Nyumbani siku ile hayakupikwa maharagwe. Sokoni Masisi-centre, mji wao, hayakuwepo, maana mashamba yalikuwa yamebaki upande wa pili wa mapigano. Na haragwe lenyewe lilikuwa limeiva, laini, lenye madoa mekundu, na lilikuwa bado la moto.

Aliyelikuta ni mke wake, Valérie, ndani ya kifuniko cha meno yake.

Vifuniko hivyo alivipata Kampala, kwa daktari wa meno, safari walipokwenda kuchukua bidhaa za duka. Tangu utotoni jino lake moja la mbele lilikuwa limempanda jirani yake, kama mtu anayechungulia juu ya ua, na Valérie alikuwa amezoea kucheka akiwa ameweka kiganja mdomoni. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita na amechoka na kiganja. Daktari alimpiga picha za kinywa, akamtengenezea vifuniko vya plastiki angavu kama kioo, kila kimoja katika mfuko wake, kila kimoja kikiyasukuma meno kidogo zaidi ya kilichotangulia. Valérie aliviita apareyi. Vinavaliwa mchana na usiku. Vinatolewa wakati wa kula na wakati wa kupiga mswaki tu, na muda huo hukaa ndani ya kisanduku cha buluu.

"Miye nilioa na ile jino," Mbusa alimwambia siku ya kwanza.

"Weye ulioa jino ao ulioa muke?"

Mchana ule walikuwa wamekula wali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Valérie alinawa, akasukutua kinywa, akafungua kisanduku, akasimama.

"Nani ameweka chakula mu apareyi yangu?"

"Labda panya," Mbusa alisema.

"Panya ya kupika?"

"Panya ya Masisi iko na akili. Vita imeifundisha."

Walicheka. Valérie akalitupa haragwe uani, akakiosha kifuniko, akakivaa. Mbusa aliona kuku wakilikimbilia lile haragwe, wakalizunguka, kisha wakaliacha.

Siku zilizofuata ikaja sauti. Ilikuja wakati wa chakula tu. Wakikaa mezani na kisanduku kikiwa juu ya kabati, walisikia kitu kikitafuna taratibu, kwa subira, kama mtu mwenye meno machache anayechagua upande wa kutafunia. Valérie akiacha kutafuna, nacho kinaacha. Akianza, nacho kinaanza. Mbusa aliinuka akakitikisa kisanduku, akasikia kifuniko kikigongagonga mle ndani kama kawaida. Alipokifungua, kifuniko kilikuwa na ute na vipande vya maganda ya haragwe, na harufu iliyotoka ilikuwa ya chungu kilichopikiwa kuni mbichi, na chini yake harufu ya udongo uliolowa.

"Tupa hii kitu," alimwambia mkewe.

"Nitafungua ingine. Hii labda imeoza."

Mfuko mpya aliukata Mbusa mwenyewe kwa mkasi wa dukani. Ulikuwa umezibwa pande zote kama ulivyotoka Kampala. Kifuniko kilikuwa ndani, kimejaa alama za kutafunwa, na katika tundu la jino la mwisho kulikuwa na haragwe limekaa kama yai katika kiota.

Hapo ndipo Mbusa alipoanza kumtazama mke wake vizuri. Liputa lake, kitenge cha kujifunga, ambalo zamani lilimzunguka mara moja na nusu, sasa lilimzunguka mara mbili. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza. Lakini alikuwa anakula. Alikuwa anakula kuliko mtu yeyote katika nyumba ile: ugali wa bugari, sombe ya majani ya muhogo, viazi, ndizi, na akimaliza sahani yake anaitazama ya mumewe.

"Sikuwe nakuambia," Valérie alisema jioni moja, kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango. "Chakula inaingia mudomo, natafuna, na wakati ya kumeza hakuna kitu. Inaisha mbele sijameza."

"Inaenda wapi?"

"Njo nakuuliza weye."

Alivitoa vifuniko vyote, akaviweka ndani ya sanduku la nguo, akakaa siku nzima bila kuvaa. Ikawa mbaya zaidi. Sanduku lilitafuna pamoja naye, nguo zikanuka moshi, na yeye hakupata hata maji ya kumeza. Katekista wa parokia alikuja akaomba, akanyunyiza maji ya baraka pembe nne za nyumba. Alikuwa mtu mwema, na sala yake ilikuwa ya kweli. Mbusa hakuwahi kusema vingine. Lakini alipokaribishwa chai, alisikia sanduku likimeza funda kabla hajainua kikombe, akaaga bila kukiinua.

Siku ya mvua kubwa ndipo kilipojitokeza. Ilikuwa alasiri, duka limefungwa kwa sababu mabomu yalikuwa yakisikika upande wa kijiji cha Bihambwe, na Valérie alikuwa hana tena nguvu ya kushika kijiko. Mbusa alimpikia uji wa mtama mwepesi, akakaa mbele yake, akaanza kumlisha kama mtoto.

"Fungua."

Akafungua. Mbusa akaweka kijiko, akalitazama koo lake akingoja limeze, nalo halikusogea, akaweka cha pili, nalo halikusogea, akachukua simu yake akawasha taa na kumulika ndani ya kile kinywa alichokijua kuliko kinywa chochote duniani, na aliuona uji umetulia juu ya ulimi, mweupe, ukitoa mvuke, kisha akauona ukipungua pembeni, mstari kwa mstari, kama sahani inavyolambwa na mtu asiyetaka kuacha hata alama, na ulimi wa Valérie ulikuwa umelala kimya wala haukulamba kitu, na macho ya Valérie yalikuwa yanamtazama yakijaa machozi kwa sababu naye alikuwa anausikia ule ulimi mwingine ukipita juu ya wake, mkavu, wenye mikwaruzo, wa mtu mzee, na Mbusa alipotaka kuutoa mkono meno yakafunga juu ya kijiko polepole bila hasira, yakakishika, na kutoka nyuma ya kijiko, pasipo midomo ya mkewe kutikisika, sauti ikasema kwa adabu:

"Ongeza kidogo, Papa Mbusa."

Aliijua sauti ile. Kwa miaka mingi ilikuwa imesimama kwenye mlango wa duka lake kila msimu wa mavuno, ikimwomba apime tena gunia la maharagwe. Ilikuwa sauti ya Mukasine, mkulima wa Bihambwe, mjane, mama wa Nzabandora. Na Mukasine alikuwa amekufa na kuzikwa miezi kadhaa nyuma, kabla vita havijafika kwake. Valérie ndiye aliyekwenda kumzika kwa niaba ya nyumba yao, maana Mbusa alikuwa safarini.

Meno yalipokiachia kijiko, Mbusa alinong'ona, "Valérie. Kule kwenye maziko, ulifanya nini?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati hata ikabidi Mbusa ainamie mdomo wa mkewe ili amsikie, na kuinamia mdomo ule kulimtaka ujasiri.

"Baligawa maharagwe," alisema.

Kwa ukoo wa Mukasine kulikuwa na desturi. Mtu akisha kuzikwa, hupikwa chakula cha mavuno yake ya mwisho katika chungu chake mwenyewe, na kila aliyekuja hupewa kiganja kimoja, akakila palepale uani. Ni chakula cha kumsindikiza. Asiyetaka hukataa tangu mwanzo, na hakuna anayekasirika. Lakini aliyepokea amekubali kula naye.

"Nilikuwa na apareyi mudomo," Valérie alisema. "Ilikuwa juma ya kwanza. Kuitoa, mate inafuata. Bantu bote banatazama, banalia, na miye nitoe meno ya plastiki mbele ya kaburi? Na kukatala, niliona haya. Nzabandora alinipatia kwa mikono mibili. Nikapokea. Nikajifanya nakula. Nikafunga mu kitambaa."

"Halafu?"

"Nikatupa mu barabara. Juu ya pikipiki."

Mbusa hakumlaumu. Alifikiri jinsi mwanamke aliyefunika kinywa chake tangu utotoni angeweza kukifungua mbele ya kijiji kizima na kukitoa kile kitu, na hakuona jinsi.

Kesho yake alimtafuta Tumukunde. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekimbia kutoka Burungu, akiuza sabuni za vipande karibu na uwanja, na watu walimwendea kwa mambo ya namna hii bila kusema sana. Alifika na beseni lake la sabuni kichwani, hakutaka kulitua. Alisikiliza habari ya maziko, akamtazama Valérie kinywani, akanusa, akaomba kuona vifuniko.

"Iko mingi," alisema. "Hii yote ni ya muntu moya?"

"Inapokezana," Mbusa alieleza.

"Ah. Basi marehemu alipata mulango mingi." Akasogea karibu na Valérie. "Mama, ulipokea chakula yake na mudomo yenye ilikuwa imefungwa. Yeye alikuwa mule ndani ya ile chakula, anangoja kusindikizwa. Ukamutupa njiani. Angeenda wapi? Akafuata mudomo yenye ilimupokea."

"Mufukuze," Mbusa alisema. "Nakuomba."

"Miye sifukuze muntu mwenye njaa, Papa. Namupatia chakula, anaenda mwenyewe." Akabadilisha mkono wa kushikia beseni. "Kale kachungu kake kako wapi?"

Kachungu kalikuwa katika kambi ya waliokimbia vita. Nzabandora alikuwa amekikimbia kijiji akiwa amekabeba mgongoni, na sasa aliishi katika hema la plastiki chini ya kilima, pamoja na wengine wa Bihambwe. Walimpeleka Valérie huko kwa machela, mchana kweupe. Wenye mahema walisogea kuangalia. Mbusa alitaka kuwaondoa. Tumukunde akamzuia, akasema aibu ndiyo iliyofunga ule mlango na lazima ifunguliwe palepale penye macho.

Valérie alikuwa amevaa kifuniko, kama alivyoagizwa. Alimweleza Nzabandora yote. Mbusa alisogea mbele, akingoja kipigo au matusi, na angevipokea vyote viwili.

Nzabandora alikwangua udongo kwa kidole cha mguu.

"Mama yangu hakukuwa mubaya," alisema mwishowe. "Alikuwa na njaa. Ile msimu ya mwisho alikuwa anatupatia siye, yeye anasema ameshiba."

"Najua," Valérie alisema.

"Hapana. Haukujua. Sasa njo unajua."

Akapika. Maharagwe aliyoyakimbia nayo yalikuwa yamebaki viganja viwili, mbegu tupu aliyokuwa ameiweka kwa siku ya kurudi, na aliyamimina yote. Yalipoiva, alichota, akamnyooshea Valérie kwa mikono miwili kama mara ya kwanza. Valérie akaingiza kidole kinywani mbele ya watu wote, akakitoa kifuniko, na mate yakafuata mpaka kifuani. Mwanamke mmoja akacheka. Mwingine akampiga kofi la bega anyamaze. Valérie akala. Kisanduku cha buluu, mikononi mwa Mbusa, kilitafuna pamoja naye, kikitikisika hata vidole vyake vikafa ganzi. Akatafuna, akatafuna, akafumba macho. Na Mbusa, ambaye kwa majuma mengi alikuwa akiliangalia koo lile kama mlinzi anavyoangalia njia, aliliona likipanda na kushuka.

"Nimemeza," Valérie alisema, akaanza kulia.

Kisanduku hakikunyamaza.

"Huyu ameshiba," Tumukunde alisema, akimwonyesha Valérie. "Yule bado, na hatakula mu kambi. Iko na nyumba."

Palepale wakaamua. Vifuniko vyote, vilivyovaliwa na ambavyo havijafunguliwa, vingekwenda Bihambwe pamoja na maharagwe yaliyobaki chunguni, vikafukiwa kichwani pa kaburi. Valérie asingevivaa tena. Meno yake yangebaki hapo yalipofika, si ya zamani wala si mapya. Mbusa alisema ataenda yeye, kwa kuwa kosa ni la nyumba yake. Nzabandora akatikisa kichwa. Mfanyabiashara mwenye gari, alisema, wale wenye bunduki wa kule wanamjua kwa sura, watamfunga kabla hajafika kwenye migomba. Yeye alikuwa anapita mara kwa mara kwenda kuangalia shamba.

"Na ni mama yangu," akasema.

Aliondoka alfajiri, kachungu mgongoni, akapita njia ya juu yenye ukungu, mahali askari hawapendi kulowa. Kaburi alilikuta limeota majani. Akachimba kwa panga, akavipanga vile vifuniko vyembamba kama kioo ndani ya shimo, akavimiminia maharagwe juu, akafukia na kukanyaga. Sauti za watu wenye bunduki zilikuwa zinasikika chini ya kilima, na alijua ilimpasa aondoke. Lakini chini ya nyayo zake kutafuna kulikuwa kumeanza, taratibu, upande mmoja. Nzabandora akachuchumaa kando ya kaburi, akangoja mama yake amalize kula, kisha akashuka kwa njia ileile aliyojia.