Kamera ya Kwapani

Fundi wa bodi za magari alikuwa anakunywa chai amesimama, kama kawaida yake. Mkewe alikuwa anawavalisha pacha wao viatu. Simu ya mke ikalia mezani. Jicho la Fundi likaenda lenyewe kwenye ujumbe.

"Daktari yuko tayari. Njoo peke yako. Kamera inaingia kwapani tu. Hakuna hatari hata kidogo."

Fundi akaweka kikombe chini.

"Mama Pacha, ni daktari gani huyu anayekutaka uende peke yako?"

"Unasoma simu yangu?"

"Imejisoma yenyewe."

Mkewe akawatuma watoto nje. Akakaa. Akasema kwamba tangu awanyonyeshe pacha, matiti yake yamelala. Anataka kuwekewa vifuko vya silikoni ndani yake, yajae tena. Amepata mtu mwenye chumba cha matibabu juu ya duka la vipuri.

"Mimi nimelalamika lini?" Fundi akauliza.

"Wewe hujalalamika. Nguo zangu ndizo zinalalamika."

"Na hiyo kamera? Itakaa humo humo? Yaani sisi tumelala, jamaa yuko kwake anatutazama?"

Mkewe akausoma tena ule ujumbe. Haukusema kama kamera inatoka.

Fundi akatoka mbio mpaka kwa jirani, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alikuwa anaanika nguo. Aliposikia habari ya kamera, alicheka mpaka shuka likaanguka.

"Shemeji, kamera inaingia na kutoka. Ni kibomba chembamba chenye taa. Daktari anapasua kidogo kwapani, anakipitisha, anaona ndani kwenye skrini. Mshipa ukivuja, anauona na kuuziba. Nafasi ya kifuko anaitengeneza huku anaiona. Na kovu linajificha kwapani."

"Basi ni salama," akasema Mama Pacha. Alikuwa amefika nyuma ya mumewe.

Muuguzi akaacha kucheka. "Mikononi mwa daktari bingwa, wengi wanatoka vizuri. Lakini hatari zipo, dada. Damu inaweza kujikusanya ndani. Vijidudu vinaweza kuingia. Baadaye kovu la ndani linaweza kukibana kifuko, titi likawa gumu. Kifuko kinaweza kuhama au kupasuka. Tena hakidumu maisha. Huenda siku moja ukapasuliwa upya, na safari hiyo wapasue chini ya titi. Anayekwambia hakuna hatari, ama hajui ama anakudanganya."

Wakaenda kwa yule mtu wa juu ya duka la vipuri, mume na mke. Fundi huwa haamini gari lenye rangi mpya. Huligonga kwanza asikie kilicho chini ya rangi. Basi na huyu akamgonga kwa maswali.

"Nani atamlaza usingizi?"

"Mimi."

"Na nani atampasua?"

"Mimi mwenyewe. Nina uzoefu."

"Mtungi wa oksijeni uko wapi? Damu ikivuja?"

"Haivuji. Kaka, wewe ni mteja au polisi?"

"Mimi ni mume."

Mama Pacha akachukua mkoba wake. Kwenye ngazi akasema, "Usifurahi. Bado nataka."

"Nani kakukataza? Sikutaka ufie hapa tu."

Wakaenda hospitali kubwa. Daktari bingwa akawaonyesha leseni yake bila kununa. Akayapima matiti kwanza, asije akafunika uvimbe. Akamuuliza kama anavuta sigara, na kama anataka mtoto mwingine karibuni. Wa kumlaza usingizi alikuwa daktari mwingine, kazi yake ni hiyo tu. Hatari zote akazitaja. Kisha akamwambia, "Nenda ukafikiri." Mama Pacha akafikiri. Akarudi.

Upasuaji wa kamera ya kwapani ukaenda vizuri. Waliporuhusiwa, wakaambiwa: titi moja likivimba ghafla, likiwa jekundu, homa ikipanda au pumzi ikibana, rudini papo hapo.

Kesho yake titi la kushoto likawa kubwa kuliko la kulia. Ngozi ikavutika.

"Litashuka," akasema mkewe. "Tusiwasumbue watu."

"Sikuamini wewe wala hilo titi. Inuka twende."

Kweli, damu ilikuwa imejikusanya. Wakamrudisha ndani, wakaitoa, wakauziba mshipa uliokuwa unavuja, wakakirudisha kifuko mahali pake. Daktari akamwambia Fundi, "Mmefanya vizuri kuwahi."

Mama Pacha alipoamka, sauti ilikuwa imekauka. "Umegombana nao?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

Mkewe akamshika mkono.

Sasa amepona. Kovu halionekani mpaka anyanyue mkono. Nguo zimemkaa. Kila akiitwa kupimwa huenda, hata kama haumwi. Fundi humsindikiza, na bado haamini mtu. Huuliza maswali mpaka wauguzi wanajificha. Zamani mkewe angeona aibu. Siku hizi humgusa kiwiko na kumnong'oneza, "Kuna lingine umelisahau. Uliza na hilo."